Uzalishaji wa ndizi nchini Tanzania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tanzania huzalisha ndizi kiasi gani kwa mwaka?

Takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, zinaonyesha kwamba kuelekea mwaka 2020 nchi ilikuwa ikizalisha takriban tani milioni 3.5 za ndizi kwa mwaka. Kiasi hicho kinaiweka Tanzania katika mstari wa mbele barani Afrika, ingawa bado iko mbali sana na India, inayoongoza duniani kwa zaidi ya tani milioni 30.

Kabla ya kuinukuu namba hiyo, ni vizuri kujua kwamba orodha za kimataifa zina safu mbili. Moja huandikwa ndizi tu, na nyingine ni ya ndizi za kupika pamoja na jamii ya mzuzu na mkono wa tembo. Kila nchi hugawa mazao yake katika safu hizo kwa namna yake, na ndiyo sababu Uganda, ambako matoke ni chakula cha kila siku, huonekana chini katika safu ya kwanza na juu kabisa katika safu ya pili. Anayelinganisha nchi hizi mbili kwa safu moja tu atafikia hitimisho lisilo la kweli.

Tani hizo zilipimwaje, ilhali ndizi huuzwa kwa mkungu?

Kwa kweli hazikupimwa. Zilikadiriwa, na huu ndio msingi wa kila jambo linalofuata katika ukurasa huu.

Mahindi huvunwa kwa msimu na huhesabiwa kwa magunia. Mgomba hauna msimu. Shina moja huzaa leo, la pili mwezi ujao, la tatu wakati wa kiangazi. Mkungu mmoja huliwa nyumbani, mwingine hupelekwa msibani, mwingine huuzwa barabarani, na wa nne huvundikwa kwa ajili ya pombe. Mdadisi wa sensa ya kilimo anapofika kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, na kuuliza, "Mama, mwaka jana mlivuna mikungu mingapi?", jibu la haki analoweza kupewa ni, "Mwanangu, nani huhesabu chakula cha nyumbani?" Hata hivyo fomu inadai namba, basi mama huwaza, hutaja idadi anayoona inakaribia, na idadi hiyo huzidishwa kwa uzito wa wastani wa mkungu ili zipatikane tani.

Hapo ndipo kosa dogo hukua. Tuchukue hekta moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, yaani mashina 1,111, na tuseme kila shina lilitoa mkungu mmoja kwa mwaka. Mkadiriaji akiamini kwamba mkungu wa wastani una kilo 10, ataandika tani 11 kwa hekta; akiamini una kilo 20, ataandika tani 22. Shamba ni lilelile na mikungu ni ileile. Mkungu wa shamba lililochoka unaweza usifike kilo 10, na ule wa kibanja kilichotunzwa karibu na ziwa unaweza kuzidi kilo 30, kwa hiyo wote wawili wana sababu ya kuamini wanachoamini.

Eneo nalo ni tatizo. Migomba ya Kagera na Kilimanjaro huchanganywa na kahawa, maharage, magimbi na miti ya matunda. Je, nusu hekta yenye migomba na kahawa ihesabiwe kuwa nusu hekta ya ndizi, robo, au iandikwe mara mbili, kwenye ndizi na kwenye kahawa? Kila utafiti umechagua jibu lake.

Je, uzalishaji umeongezeka tangu uhuru?

Ndiyo, umeongezeka, lakini sababu kubwa ni kupanuka kwa eneo lililopandwa. Mavuno ya kila hekta hayakupanda kwa kiasi hicho, na mahali pengine yalishuka.

Kwa mtazamo wa jumla, miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970 ndizi zilikuwa hasa chakula cha nyumbani katika nyanda za juu, na mapato ya fedha yalitokana na kahawa. Operesheni ya vijiji vya ujamaa ya katikati ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi nchini, lakini Bukoba na Kilimanjaro, kwa kuwa zilikuwa na msongamano wa watu na mazao ya kudumu, wakulima wengi walibaki kwenye mashamba yao na mipaka ya vijiji ikachorwa juu ya makazi yaliyokuwapo. Migomba ilinusurika. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kwa upande mwingine, viliwatoa watu makwao upande wa mpakani, na kibanja kisichopunguziwa machipukizi wala kupaliwa huanza kurudi nyuma upesi.

Tangu biashara ya mazao ilipolegezwa katika miaka ya 1980, na hasa barabara za lami zilipoanza kufika mashambani, ndizi ziligeuka kuwa zao la fedha. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika historia ya zao hili nchini, na halionekani waziwazi kwenye safu ya tani.

Kwa nini mchoro wa takwimu unaonyesha mruko mkubwa miaka ya 2000?

Kwa sababu utaratibu wa kuhesabu ulibadilika, na si kwa sababu migomba ilianza ghafla kuzaa maradufu. Muongo huo ulikuwa na sensa mbili za sampuli za kilimo, ya mwaka 2002/03 na ya mwaka 2007/08, ambazo zilifika kwenye kaya nyingi na kuuliza maswali ambayo taarifa za awali za halmashauri hazikuwa zikiuliza. Kati ya sensa moja na nyingine, wizara hutegemea makadirio ya maofisa ugani na tafiti ndogo za kila mwaka, na mara nyingi mwaka mmoja hukadiriwa kwa kuongeza asilimia kidogo juu ya uliotangulia. Sensa mpya inapokuja, kama ile ya mwaka 2019/20, mstari hukatika na kuanza mahali pengine.

Mgomba unaopandwa leo hutoa mkungu wa kwanza baada ya miezi 12 hadi 18, na katika nyanda za juu zenye baridi huchukua muda mrefu zaidi. Zao la namna hiyo hupanda polepole na hushuka polepole, isipokuwa pale ugonjwa unapoingia. Ukiona namba ya taifa imeongezeka maradufu ndani ya miaka miwili au mitatu, tafuta kwanza kilichobadilika ofisini, kisha ndipo utafute kilichobadilika shambani.

Mikoa ipi inaongoza, na je, mpangilio huo umebadilika?

Kagera na Kilimanjaro ndizo kongwe na ndizo kubwa. Mbeya, kupitia wilaya ya Rungwe, imekuja juu sana, ikifuatwa na Kigoma, Arusha, Morogoro, Tanga, na Mara upande wa Tarime. Pwani na Zanzibar zina ndizi zao pia, hasa za kuiva, kisukari na mzuzu.

Mabadiliko yenye uzito zaidi yametokea ndani ya mikoa yenyewe. Kagera, uzito wa uzalishaji wa ziada umehama kutoka vibanja vya zamani vya mwambao wa Bukoba na Muleba kwenda Karagwe na Kyerwa, ambako mashamba ni mapya na ardhi haijachoka. Rungwe, ambako mvua hunyesha kwa wingi na udongo ni wa volkano, ukuaji umeletwa na soko la Dar es Salaam: malori hupakia mikungu Tukuyu na Kiwira karibu kila siku ya mwaka, na mzigo huo huishia katika masoko kama lile la Mabibo linalojulikana kwa jina la Mahakama ya Ndizi.

Nini kilitokea kwa vibanja vya Bukoba?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu anayeelewa kibanja ameelewa zaidi ya nusu ya historia ya ndizi nchini.

Kibanja cha Mhaya hakikurutubishwa na udongo wake mwenyewe. Udongo wa mwambao wa Ziwa Victoria umeoshwa na mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka na kwa asili ni hafifu. Kilichoufanya uzae kwa vizazi na vizazi ni rutuba iliyobebwa kutoka nje: ng'ombe walichungwa kwenye rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyozunguka kijiji, usiku wakarudi nyumbani na samadi yao ikaingia shambani, nyasi zilikatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba, majivu, maganda na mabaki yote ya jikoni yalirudishwa kwenye shina. Rweya ilikuwa ikikilisha kibanja.

Mfumo huo ulipata pigo la kwanza katika miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka ulipoua ng'ombe kwa wingi Afrika Mashariki yote. Mifugo iliongezeka tena baadaye, lakini watu waliongezeka haraka zaidi. Vibanja viligawanywa kwa urithi hadi vikawa vipande, rweya ikapandwa miti na kujengwa nyumba, nyasi za kutandaza zikawa bidhaa ya kununua, na kaya nyingi zikabaki bila ng'ombe hata mmoja. Wakati huohuo fukusi wa migomba, ambaye funza wake hutoboa tunguu, pamoja na minyoo isiyoonekana kwa macho inayokula mizizi, walistawi kwenye migomba iliyodhoofika. Mgomba wenye mizizi iliyoliwa huanguka na mkungu wake kabla haujakomaa. Mwenye shamba huona upepo, na upepo wenyewe mara nyingi ulikuwa mdogo.

Wahaya wanalo hata jina la kibanja kilichofika hapo: kikamba. Ni shamba ambalo migomba imebaki michache na nafasi imechukuliwa na mihogo, mahindi na viazi vitamu. Kwenye takwimu za wilaya, kikamba bado kinaweza kuhesabiwa kama eneo la migomba kwa miaka mingi, na hivyo tani za kwenye karatasi hubaki zimesimama wakati mezani chakula kimekwisha kubadilika.

Soko nalo lina upande wake. Mgomba ni mlaji mkubwa wa potasiamu, na sehemu kubwa ya potasiamu hiyo imo ndani ya mkungu. Mkungu unaoliwa nyumbani huacha maganda yake shambani. Ule unaopandishwa kwenye lori kwenda Mwanza au Dar es Salaam huondoka na kila kitu. Kwa maoni yangu, hakuna mpango wa kuongeza mauzo ya ndizi unaostahili kuitwa mpango kama hausemi samadi au mbolea itakayojaza pengo hilo itatoka wapi.

Na Kilimanjaro?

Hali inafanana kwa sehemu. Kihamba cha Mchagga ni shamba la ngazi kadhaa: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na mboga ardhini, ng'ombe akiwa zizini na maji yakishuka kwa mfereji. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mgawo wa kimataifa wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, na ikaporomoka tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, kaya nyingi ziliacha kuitunza au ziliing'oa, na nafasi ikaenda kwa migomba. Kahawa ilikuwa fedha ya baba, ndizi zikawa fedha ya mama. Ukifika soko la Mwika au Kiboriloni siku ya gulio, utaona wanawake ndio wenye mzigo, ndio wenye kupatana bei, na ndio wanaojua mkungu upi ni wa mtori na upi ni wa mbege.

Jamii ya ndizi inayoheshimiwa zaidi huko ni mshare, ambayo wengine huitamka mchare. Ni ndizi ya kupika ya kipekee, na tafiti za vinasaba zimeonyesha kwamba jamii hiyo ina undugu wa karibu na mmoja wa wazazi wa Cavendish, ile ndizi inayojaza maduka ya dunia nzima. Kwa bahati mbaya, mshare hauvumilii mnyauko wa fuzari, ambao wengi huuita ugonjwa wa Panama.

Ni ugonjwa gani uliopunguza uzalishaji kuliko mingine?

Kwa Kanda ya Ziwa, ni mnyauko wa bakteria. Ulielezwa kwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968 kwenye ensete, mmea wa jamii moja na mgomba, ukathibitishwa kwenye migomba ya nchi hiyo mwaka 1974, kisha ukatulia huko kwa muda mrefu. Mwaka 2001 ulibainika Uganda, na katikati ya miaka ya 2000 ulikuwa umeingia Kagera, ukianzia na maeneo ya Muleba kabla ya kusambaa wilaya nyingine na mikoa jirani.

Dalili zake mkulima hazisahau. Majani hunyauka yakiwa bado ya kijani, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ua dume hukauka na kusinyaa. Ndizi chache katikati ya mkungu huiva kabla ya wakati, na ukikata moja utaona nyama yake ina madoa ya kahawia. Ukikata shina na kusubiri dakika chache, usaha wa rangi ya manjano huanza kuchuruzika kwenye kidonda. Mkungu huo hauliki, hautengenezi pombe, na shina likiachwa huambukiza yaliyo jirani.

Bakteria husafiri kwa njia tatu: wadudu wanaotembelea ua dume, panga lililotoka kwenye shina lenye ugonjwa kwenda lenye afya, na machipukizi yanayogawiwa kwa ndugu na majirani. Njia hiyo ya tatu inauma zaidi, kwa sababu kumpa jirani chipukizi ni desturi ya wema. Kinga yake inajulikana na haihitaji fedha nyingi: kuondoa ua dume mara chana la mwisho linapojitokeza, kwa mti wenye panda badala ya kisu, kupitisha panga kwenye moto au kuliosha kwa jiki kabla ya kuhamia shina jingine, na kutopanda machipukizi ambayo asili yake haijulikani.

Mwanzoni wakulima waliagizwa kung'oa shina zima pamoja na watoto wake wote na kuzika, kazi iliyowashinda wajane na wazee wengi. Baadaye ilithibitika kwamba bakteria hawafiki kwenye kila chipukizi la shina lililoambukizwa, hivyo kukata usawa wa ardhi lile bua lenye dalili tu, na kurudia ukaguzi mara kwa mara, kunaweza kulirudisha shamba. Ushauri huo ulirudisha vibanja vingi kwenye uzalishaji, na naamini ungetolewa mapema zaidi, Kagera isingepoteza miaka kadhaa ya mavuno.

Magonjwa mengine ni yapi?

Sigatoka nyeusi ilionekana Pemba mwaka 1987 na kusambaa Unguja na mwambao wa bara. Hukausha majani kabla mkungu haujajaa, na hivyo hupunguza uzito bila kuua mgomba. Mnyauko wa fuzari hukaa ardhini kwa miongo mingi na huua kisukari, kainja na mshare, ilhali ndizi za kupika za Kagera huuvumilia vizuri zaidi. Katika miaka ya karibuni virusi vinavyodumaza mgomba na kuyafanya majani yasimame wima kama kifurushi vimethibitishwa Kigoma, mkoa unaopakana na Burundi, ambako ugonjwa huo ulikuwapo tangu zamani. Aina kali ya mnyauko wa fuzari inayoshambulia hata Cavendish ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013. Msumbiji ni jirani yetu, na udongo unaoganda kwenye buti au tairi unatosha kuubeba.

Mbegu mpya zimesaidia?

Zimesaidia, ila kwa namna tofauti na ilivyotarajiwa. Kuanzia mwaka 1997 mradi wa maendeleo wa Kagera uliofadhiliwa na Ubelgiji, ukishirikiana na kituo cha utafiti cha Maruku, ulisambaza aina zinazovumilia magonjwa na wadudu, zikiwemo FHIA-17, FHIA-23 na Yangambi Km5. Mikungu yake ni mikubwa ajabu, na wapo watu wengi waliookolewa na njaa kwa aina hizo mahali ambapo ndizi za asili zilikuwa zimekwisha. Hata hivyo mlaji wa Kagera anataka ndizi ya kupika inayolainika, yenye rangi na harufu anayoijua tangu utotoni, na kwa mizani hiyo aina nyingi za kigeni ziliishia kuivishwa, kutengenezewa pombe au kuuzwa mbali.

Somo hilo liliingia kwenye uzalishaji wa mbegu uliofuata. Mwaka 2021 Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ilitoa aina nne zilizopewa majina TARIBAN 1 hadi TARIBAN 4. Zimetokana na machotara yaliyozalishwa Uganda kwa ushirikiano wa watafiti wa nchi hiyo na taasisi ya kimataifa ya IITA, kwa kutumia ndizi za kupika za Afrika Mashariki zenyewe kama mzazi mmoja. Zinazaa zaidi ya nyingi za asili na zinavumilia Sigatoka nyeusi. Kikwazo kimebaki kwenye miche: mgomba hauna mbegu ya kuweka kwenye pakiti, na miche safi ya maabara ina gharama ambayo mkulima wa robo ekari huilinganisha na chipukizi la bure kutoka kwa shangazi yake.

Mavuno kwa hekta yakoje?

Wakulima wengi wadogo wa Afrika Mashariki hupata kati ya tani 5 na 30 kwa hekta kwa mwaka, na sehemu kubwa yao wako karibu na namba ya chini. Kwenye mashamba ya majaribio yenye rutuba na maji ya kutosha, ndizi hizohizo zimeweza kuzidi tani 60. Pengo hilo ni kubwa kuliko faida yoyote inayoweza kupatikana kwa kufyeka pori jipya.

Sehemu ya pengo huzibwa kwa mikono tu. Shina likiachwa na machipukizi manane, yote hugombea chakula na yote hutoa mikungu midogo. Utaratibu unaopendekezwa ni mama, mtoto na mjukuu: bua moja lenye mkungu, moja linalokua kulifuata, na moja changa. Mkulima mwenye njaa huona uchungu kukata chipukizi lenye afya, na uchungu huo unaeleweka.

Mabadiliko ya tabianchi yanaonekana kwenye takwimu?

Yanaonekana zaidi kwenye uzito wa mkungu kuliko kwenye idadi ya mikungu. Utafiti uliofanywa kwenye ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki ulionyesha kwamba kila milimita 100 za mvua zinazokosekana kwa mwaka hupunguza uzito wa mkungu kwa takriban asilimia 8 hadi 10. Mgomba haufi kwa ukame wa miezi michache. Huzaa kidogo tu. Kwa hiyo mdadisi anayehesabu mikungu bila kuipima hatauona ukame kabisa. Maeneo yenye mvua ya wastani wa milimita 1,000, kama sehemu za Karagwe, hayana akiba ya kupoteza.

Uzalishaji ukiongezeka, chakula kimeongezeka pia?

Si lazima. Sensa ya watu ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, na ya mwaka 2022 ilihesabu milioni 61.7. Tuchukulie uzalishaji ulikaa kwenye tani milioni 3.4 katika miaka yote miwili: mgawo wa kila mtu ungekuwa umeshuka kutoka kilo 76 hadi kilo 55. Ili mgawo ubaki palepale, uzalishaji ulipaswa kuongezeka kwa zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka 10.

Tanzania huuza ndizi nje?

Kidogo sana ukilinganisha na kinachozalishwa. Zipo zinazovuka mpaka kwenda Kenya kutoka Kilimanjaro na Arusha, na sehemu ya biashara hiyo haiandikwi. Karibu ndizi zote huliwa nchini.

Ofisa ugani afanye nini ili namba za kijiji chake ziaminike?

Achague kaya chache zinazowakilisha hali za kijiji, zenye ng'ombe na zisizo na ng'ombe, zilizo bondeni na zilizo mlimani, na azipe kila moja daftari na penseli vya kutundika jikoni. Kila mkungu unapokatwa, aliyeukata aandike tarehe, jina la aina, na kama umeliwa, umeuzwa, umevundikwa au umetolewa. Mara moja kwa mwezi ofisa apite na mizani ya saa, aitundike kwenye tawi na kupima mikungu atakayoikuta siku hiyo, mikubwa na midogo bila kuchagua. Aandike pia idadi ya mabua yaliyokatwa kwa sababu ya ugonjwa, maana hayo ndiyo mavuno ya mwaka ujao yaliyokwisha kupotea. Mwaka ukiisha, wastani wa uzito wa mkungu utumike kwa kijiji hicho peke yake, na daftari lihifadhiwe kwenye ofisi ya mtendaji pamoja na fomu iliyopelekwa wilayani, ili atakayekuja baada yake aone tani zile zilitoka wapi.